Mume Aliyewekwa Rehani

Appledore, Devon
2 Aprili 1610

Mdogo wangu Digory,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima, isipokuwa shangazi Honor, ambaye kifua kilimchukua katikati ya Kwaresima, tukamzika kando ya mama. Aliulizia habari zako mpaka mwisho. Grace ameanza kutembea. Anashika kila kilicho mezani na kukiangusha. Paa la upande wa bahari linavuja. Hugh angekuwepo angelimaliza asubuhi moja.

Na hapo kwa Hugh ndipo ninapotaka tufike.

Meli imeingia juma lililopita. Wanawake wote tulikimbilia gatini, na kila mwenye mtu wake huko Amerika alipata barua, au alipata habari ya kifo, ambayo nayo ni habari. Mimi nilipata barua yako. Umeandika juu ya mto mpana kuliko mito yetu yote miwili ikiungana. Umeandika juu ya ndege wekundu, na dubu, na zabibu zinazoota zenyewe msituni. Umeandika jinsi wakubwa wa London watakavyoshangaa wakiiona ramani yako. Kisha chini kabisa, pale karatasi ilipokuwa inaisha, umebananisha: "Hugh hajambo, yuko juu mtoni."

Juu mtoni anafanya nini? Hugh ni fundi wa mashua. Mlimchukua awajengee mashua, na mashua zinajengwa ngomeni kwenu, karibu na bahari. Na kwa nini hakuniandikia mwenyewe? Kuandika anajua. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwenye meza hii hii, mwaka tuliooana.

Ulikaa kwenye kiti cha baba, na buti zako ulizotoka nazo vitani Uholanzi, ukila mwani wangu wa kukaanga, ukaniambia, "Dada, ni mwaka mmoja tu. Nitamrudisha mimi mwenyewe mpaka mlangoni." Nilikuambia sitaki. Hugh naye hakutaka sana. Alikwenda kwa sababu wewe ndiye uliyemwomba, na yeye hajui kumnyima mtu.

Mwaka umekwisha. Niambie mume wangu yuko wapi na anafanya nini, na usiniandikie habari za ndege.

Dada yako,
Thomasine Rowse


Ngome ya Mtakatifu Brannock, Amerika
20 Agosti 1610

Dada yangu Thomasine,

Barua yako imenifikia na nimeisoma nikiwa na homa, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Habari ya shangazi Honor imenichoma. Alikuwa akinifichia maganda ya nyama ya nguruwe aliyeokwa, nadhani wewe hukujua. Mbusu Grace kwa niaba ya mjomba wake.

Unaniandikia kwa ukali, na mimi sikulaumu, kwa kuwa huku hujapaona. Nafaka tuliyokuja nayo ilioza kabla majira ya joto hayajaisha. Vuli ile tulizika watu mpaka waliobaki wakawa hawana nguvu za kuchimba. Tulichemsha mikanda na mishipi ya ngozi tukanywa mchuzi wake. Kapteni wetu wa kwanza alikufa, wa pili akarukwa na akili, na waliobaki wakanichagua mimi. Mtoto wa mvuvi wa Appledore, Thomasine, niliyetoroka nyumbani nikiwa sina hata ndevu, leo ndiye mkuu wa ngome ya Mfalme. Nilipanda mto mpaka kwenye maporomoko, mahali ambapo hakuna Mwingereza aliyewahi kufika, na yote nimeyachora. Ghuba kubwa iliyo mdomoni mwa mto nimeipa jina lako. Itachapishwa London hivyo: Ghuba ya Thomasine.

Hugh yuko Pattawick, mji wa wenyeji ulio juu mtoni, mgeni wa heshima wa mwanamke anayeutawala, Wesaunka. Anajifunza lugha yao ili awe mkalimani wetu. Karatasi huko hakuna, ndiyo maana hukupata barua. Anakula vizuri kuliko mimi.

Usiwasikilize mabaharia. Baharia akifika nyumbani anauza maneno kwa kikombe cha pombe ya tufaha.

Mdogo wako akupendaye,
Digory Penhale, Kapteni


Appledore
11 Januari 1611

Kapteni Digory Penhale,

Salamu. Grace aliugua surua lakini anapona. Ng'ombe amezaa ndama dume. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa nisikilize.

Ulisema nisiwasikilize mabaharia. Basi mmoja amekuja mwenyewe, sikumwita. Jory Blewett, aliyekuwa akipiga kasia kwenye mashua yako, amerudi na mguu mmoja usio na vidole. Jumapili baada ya ibada alibisha hodi, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Bi Thomasine," akasema, "nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Hugh ni mgeni wa watu huko."

"Mgeni? Nani kakwambia mgeni?"

"Mdogo wangu. Kapteni."

"Aa. Kapteni." Akakaa bila kukaribishwa, ule mguu akaunyoosha. "Basi huyo mgeni, Bi Thomasine, tulimwacha kama mlevi anavyoacha koti lake kwa muuza pombe."

Nikamwambia aseme yote au atoke. Akasema yote. Kwamba mlifika Pattawick mna njaa, na yule mama akawajazieni mashua mahindi mpaka zikakaribia kuzama. Kwamba wewe, mdogo wangu, uliweka mkono kifuani mbele ya watu wake, ukaahidi kumletea jiwe kubwa la kusagia na mzinga mmoja wa vita kabla miti haijachipua. Kwamba alitaka kitu cha kushika mpaka utakaporudi, na ukampa Hugh.

"Hugh alijua?" nikamuuliza.

"Alijua tulipokwisha kushika makasia. Alikuwa anashuka na sisi majini, wale wakamshika bega. Kapteni akamwambia, 'Kaa hapo shemeji, ni siku chache tu.' Akasimama kwenye tope, maji yamemfika magotini. Hakupiga kelele. Angepiga kelele labda tungerudi."

"Na miti ilipochipua?"

Jory akatazama moto. "Miti ilichipua, Bi Thomasine. Hakuna aliyekwenda."

Umemweka mume wangu rehani, Digory. Mtu mzima, baba wa mtoto, umemweka rehani kama sufuria, kisha ukaniandikia kwamba ni mgeni wa heshima. Na ukanipa ghuba. Nifanye nini na ghuba? Itanipasulia kuni? Kanisani mke wa kasisi alinishika mkono na kunipongeza kwa kuwa jina langu litakuwa kwenye ramani, na nikauvuta mkono wangu mbele ya watu.

Ulichoahidi kipeleke. Mtoe Hugh. Kabla hujafanya hivyo sitaki kusikia habari zako nyingine zozote, hata za homa.

Thomasine Rowse


Ngome ya Mtakatifu Brannock
3 Juni 1611

Dada,

Nafurahi kwamba Grace amepona. Habari nyingine za nyumbani ulizonipa ni ndama, nami nashukuru hata kwa huyo.

Jory Blewett ni mwizi. Alipigwa viboko hapa kwa kuiba unga wa wagonjwa, na vidole vyake vilikatika kwa baridi alipokuwa amejificha asifanye kazi ya zamu. Sasa amekaa jikoni kwako, kwenye nyumba ya baba yangu, ananihukumu.

Lakini sawa. Nilimwacha Hugh. Umeridhika? Hebu niambie wewe ungemwacha nani. Wale wengine niliokuwa nao wangeiba siku ya kwanza, wangeshika wanawake wa watu siku ya pili, na siku ya tatu wangeuawa. Hugh ni mpole. Kila amwonaye anampenda. Nilimchagua yeye kwa sababu ndiye pekee ambaye wangemwacha hai, na nilikuwa sahihi, yu hai mpaka leo. Mahindi yale yaliokoa ngome nzima. Wapo wake za watu huko Appledore ambao waume zao wako hai leo kwa ajili ya mahindi yale, nenda kawaulize kama wanalalamika.

Mzinga siwezi kuwapa. Ungekuwa wewe ungewapa watu mzinga waje kuulenga mlangoni kwako? Na jiwe la kusagia lilikuja na meli ya masika, lakini letu lilikuwa limepasuka na watu wanataka mkate. Nilipanga kuomba lingine. Mambo huku hayaendi kama kwenda sokoni Bideford.

Vuli hii nitapanda mto mwenyewe na watu wa kutosha, nimtoe. Nimesema. Nawe nakuomba neno moja: usiyapeleke maneno ya Jory kwa kasisi wala kwa yeyote. Wakubwa wa London wanaamua mwaka huu kama nitabaki mkuu hapa au watamleta mtoto wa bwana fulani asiyejua hata kufunga kamba. Ukiniangusha mimi, unajiangusha mwenyewe. Kumbuka umekaa chini ya paa la nani.

Digory


Ngome ya Mtakatifu Brannock
14 Desemba 1611

Dada,

Nakusalimu wewe na Grace.

Hugh Rowse amefariki. Nimeandika jina lake pamoja na ya marehemu wetu wengine. Wewe sasa ni mjane na u huru mbele ya sheria. Nyumba ya baba kaa, sitakudai kitu.

Mwombee. Usiulize zaidi, hakuna faida.

Digory Penhale, Kapteni


Appledore
9 Aprili 1612

Digory,

Grace hajambo. Paa nimelitengeneza mwenyewe, Jory akinishikia ngazi.

Kasisi Trebble alikuja na barua yako akiwa amevaa uso wake wa mazishi. Alitaka Jumapili ile ile amtangaze Hugh marehemu. Nikamwambia asubiri. Akasema, "Lakini mama, kapteni ameandika kwa mkono wake." Nikamwambia mkono huo ndio niliouongoza ulipokuwa haujui kushika kijiko, na ninaujua kuliko yeye.

Mama alipokufa ulikuwa hujaacha kukojoa kitandani. Mimi ndiye niliyekulea, na nilikuwa bado msichana mwenyewe. Ninajua ukisema kweli unavyokuwa: unaropoka, unapamba, unarudi nyuma, unatikisa mikono, huwezi kunyamaza. Ukidanganya, unafupisha. Ulipoitoboa mashua ya baba na kusema ni mwamba, ulisema maneno mawili ukaenda kulala. Sasa umenizikia mume kwa mistari michache. Hakuna ugonjwa, hakuna mshale, hakuna maji, hakuna kaburi. Hata fundi aliyekufa kwa kuangukiwa na ubao huandikiwa ubao.

Sijavaa nguo nyeusi na sitavaa.

Nimekwenda Plymouth. Kuna meli itakayotoka mwezi wa kumi, inachukua wanawake kwa ajili ya ngome zenu, nami nimekwisha kuandikishwa, mimi na Grace. Sitafuti mume wa pili huko. Ninakuja kuuliza kwa mdomo wangu, mbele ya watu wako, nikikutazama usoni. Kama yu kaburini nionyeshe kaburi. Kama hayumo, utaniambia alipo.

Thomasine Rowse


Ngome ya Mtakatifu Brannock
30 Julai 1612

Thomasine,

Usipande meli hiyo. Nakuandikia kwa haraka, nahodha anaondoka na maji yakijaa. Usije, na usimlete mtoto huku. Kwa heshima ya mama, toa jina lako.

Unataka kujua? Haya, jua. Halafu usiseme nilikuficha kwa ubaya.

Tulipanda mto mwezi wa kumi na moja, mashua zote, watu wote wenye bunduki. Nilikuambia nitamtoa na nilikwenda kumtoa. Tukafika Pattawick asubuhi, theluji imeanza kudondoka. Mji umezungushiwa ua wa magogo. Langoni akatoka mtu amenyoa nywele upande mmoja kama wao, amevaa ngozi ya paa. Sikumjua mpaka alipotembea. Unajua anavyotembea, kama mtu aliyebeba ubao begani.

"Shemeji," nikamwita.

"Umechelewa," akasema. Kiingereza chake kilitoka polepole, anakitafuta.

"Nimekuja kukuchukua."

"Jiwe la kusagia liko wapi?"

"Hayo yamekwisha, Hugh. Panda mashua, tuzungumze njiani."

"Hayajakwisha. Miti ilipochipua, wapo hapa waliotaka nipigwe rungu. Wesaunka akasema aliyedanganya ni mwingine. Wakanipa shamba. Nimekula kwao tangu siku ile, Digory, na kila nilipopeleka mkono chunguni nilikuona wewe umeweka mkono kifuani."

"Una mke Appledore," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Mlangoni nyuma yake alisimama mwanamke amebeba mtoto mchanga, na yule mtoto, Thomasine, ana nywele za rangi ya Grace. Sina haja ya kusema zaidi. Ulitaka kweli.

Akasema, "Mwambie," kisha akaanza tena, "Mwambie," na sikusikia lililofuata. Watu wangu walikuwa wamekwisha kupita pembeni kwenda kwenye maghala ya mahindi. Sikuwatuma wakati ule, lakini njaa tulikuwa nayo na hawakuhitaji kutumwa. Mmoja wao akapigwa mshale shingoni. Hapo bunduki zikalia. Na hapo nikatoa amri ya moto. Ndiyo, mimi. Kapteni asiyetoa amri wakati ule anazikwa na watu wake. Nyumba zao ni za magome na mikeka, zilishika mara moja. Nilimwita Hugh kwa jina mpaka sauti ikanikauka, na hakuja upande wetu. Alikimbilia ndani ya moshi. Nilimwona akitokea upande wa pili amembeba mzee mmoja mgongoni, wanaingia msituni na wengine wote. Hakugeuka.

Mahindi tuliyopata yametufikisha masika.

Sasa nisikilize, kabla hujanitukana. Sheria ya ngome ni moja: Mwingereza akihamia kwa wenyeji ni msaliti, ananyongwa akionekana, na mali yake nyumbani inachukuliwa, na mkewe anafukuzwa hata kama nyumba anayokaa si ya mumewe. Ningeandika kweli, wewe na Grace mngetolewa barabarani mkiwa mke na mtoto wa msaliti. Nilimuua kwenye karatasi ili asije akafia kwenye kamba. Nimempa jina safi. Nimekupa uhuru wa kuolewa. Niambie ni nani mwingine angekufanyia hivyo.

Usidhani mimi nalala vizuri. Lakini mtu anayefungua nchi hawezi kuifungua kwa mikono iliyooshwa, na hao wanaonihukumu wote wamekaa karibu na moto wao wakila mkate.

Choma barua hii.

Digory


Appledore
18 Novemba 1612

Digory,

Grace hajambo. Ameota meno yake yote na anauliza maswali.

Barua yako ilinikuta nafunga mizigo. Nilikaa juu ya sanduku mpaka moto ukazimika jikoni. Kisha nikafungua kamba nikatoa nguo za mtoto moja moja. Sitavuka bahari kwenda kumtoa mwanamume kwenye nyumba ya mwanamke mwingine, nyumba ambayo wewe umekwisha kuichoma.

Nina hasira na Hugh. Usifikiri sina. Kuna siku napasua kuni na nampasua yeye. Lakini hiyo ni hasira yangu na yeye, nitamwambia mwenyewe kama Mungu atatukutanisha, na wewe huna kazi ya kuibeba. Alianza kuniambia neno. Mara mbili umeandika alianza. Ungekuwa umewashika watu wako kwa muda wa mtu kusema sentensi moja, ningekuwa nalo leo.

Sasa nikupe habari za huku, maana ni afadhali uzisikie kwangu.

Mwezi uliopita alikuja Bideford bwana mmoja kutoka London, kola yake nyeupe pana kama sahani, kuandikisha mafundi wa kwenda kwenye ngome yako. Aliweka meza uwanjani mbele ya kanisa, akasimama kuwasomea watu sifa zako. Kapteni Penhale, mtoto wa pwani hii hii. Kapteni Penhale aliyekwenda kumkomboa shemeji yake kutoka mikononi mwa washenzi, akakuta wamemuua, akalipiza. Kumbe ndivyo ulivyowaandikia wao. Mimi kwangu uliandika amefariki, nisiulize. Kwao ukaandika kisa kizima, na ndani yake Hugh ni mzoga wa kukupandisha cheo.

Vijana walikuwa wamejipanga. Mtoto wa Braund, aliyejifunza useremala kwa Hugh, alikuwa ameshika kalamu.

Nikapita mbele. Nikasema, "Huyo shemeji ni mume wangu, na hajafa."

Yule bwana akatabasamu. "Mama, majonzi yamekuchosha. Mpeni mama kiti."

"Sina majonzi, nina barua. Kapteni unayemsifu nimemlea mimi. Alimwacha mume wangu rehani kwa mahindi, akaahidi jiwe la kusagia, jiwe likaja akalitumia yeye. Alipokwenda hakwenda na ahadi yake, alikwenda na bunduki. Watu waliomlisha mume wangu miaka miwili amewachomea mji."

"Mama, unajua unachosema kuhusu mumeo? Mtu anayeishi nao ana jina lake kisheria."

"Najua. Mkamateni basi. Msitu ule pale, ng'ambo ya bahari, kola yako itaonekana vizuri kati ya miti."

Watu wakacheka. Yule bwana hakucheka. Jory akapiga ule mguu wake juu ya meza, akavua kiatu, akasema, "Na mimi nilikuwa kwenye kasia. Niulizeni." Mtoto wa Braund akaweka kalamu chini. Mwingine akaondoka, kisha wengine wawili pamoja, wakijifanya wana shughuli. Wapo waliojiandikisha hata hivyo; njaa iko huku pia. Lakini wamekwenda wakijua ni nani watakayemwita kapteni.

Kasisi Trebble alinifuata njiani, ananiambia nimeiaibisha nyumba ya baba yangu. Nikampa ufunguo wa nyumba hiyo. Sikungoja wanitoe. Barua yako sikuichoma. Nimeiacha kwa mtu ambaye hutamjua. Mimi na Grace tumepanga chumba juu ya duka la mtengeneza kamba. Nasokota nyuzi mchana, vidole vinaniuma, na paa lake halina jina lako.

Grace aliniuliza kama baba yake amekufa, maana watoto wenzake wanamwambia hivi na vile. Nilimwambia hajafa. Nilimwambia anaishi mbali na watu wengine, na ana mtoto mwingine. Alilia sana. Halafu akaomba uji.

Nimeisoma barua yako ndefu mpaka karatasi imechakaa kwenye mikunjo. Umeniambia ulivyoita mpaka sauti ikakauka. Umeniambia sheria, na mkate, na jinsi usivyolala, na kwamba mahindi yaliwafikisha masika ninyi. Theluji ilikuwa imeanza, hilo umeandika mwenyewe. Nyumba zote zimeungua, maghala mmeyabeba. Watu wale walikuwa na wazee wa kubebwa mgongoni, na watoto wachanga, mmoja wao wa damu ya mume wangu. Katika kurasa zote hizo hukuandika walilala wapi msimu ule, na wangapi walifika masika.

Ukinijibu, nijibu hilo. Likikosekana, usitume karatasi.

Thomasine, mke wa Hugh Rowse